Kitabu cha Kuonyesha kwa Kidole

Felisbela Grilo alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na saba kabla hajajua kwamba mtu anaweza kuwa na akili zake timamu na kumbukumbu zake zote, na bado akashindwa kuomba maji. Aliyemfundisha ni baba yake. Mzee Amadeu alianguka bafuni asubuhi moja ya Januari, na aliporudishwa nyumbani mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na kinywani mwake lilibaki neno moja tu: kesho. Akitaka kulala alisema kesho. Mgongo ukimuuma, kesho. Siku moja aliita kesho, kesho, kesho, tangu mchana. Felisbela akamletea maji, akamletea blanketi, akamletea chombo cha kukojolea, akafungua dirisha, akalifunga tena. Mzee akalia kama mtoto mchanga. Jioni kaka yake Felisbela alipopita kuwajulia hali, akawasha redio asikilize matokeo ya mpira, na baba akanyamaza hapo hapo. Kumbe siku nzima alikuwa anataka redio.

Miezi minne baadaye mzee alifariki, na Felisbela akarudi kazini kwake, wodi ya tatu ya hospitali ya Vale de Estevas, mkoa wa Alentejo kusini mwa Ureno, wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Alirudi akiwa mtu mwingine. Wagonjwa wale wale aliokuwa akiwagawia dawa na kuwapita, sasa alisimama mbele yao akijiuliza kila mmoja wao amefungiwa nini ndani.

Kwenye kitanda namba sita alikuwa amelala Silvério Pacheco, mtu wa miaka sabini na moja, mwenye mikono mipana kama sepetu kwa kazi ya kubandua magome ya mialoni, yale ya kutengenezea vizibo vya chupa. Alikuwa hasemi kabisa. Siku mbili alikataa kula, akapiga reli ya kitanda kwa mkono mzima, na madaktari wakaandika kwamba amechanganyikiwa. Felisbela alichukua karatasi ya kuandikia joto la mwili, akaigeuza, akachora upande wa nyuma vitu vinne alivyoambiwa na mke wa mgonjwa kuwa ni vya nyumbani kwao: nyumba, trekta, kuku, mbwa. Hakuwa mchoraji. Shuleni aliwahi kuchora ng'ombe, mwalimu akamsifu kwa meza nzuri. Lakini Silvério aliweka kidole juu ya mbwa na hakukiondoa, mpaka mke wake, Custódia, alipomwambia kwamba mbwa yuko kwa jirani na anakula vizuri kuliko alivyokuwa akila kwao. Mchana ule alimaliza sahani yake.

Basi Felisbela akamtengenezea kitabu. Karatasi ishirini, zimeshonwa kwa uzi wa bandeji, kila moja na picha mbili kubwa: moja kushoto, moja kulia. Supu, baridi, dirisha, choo, mito, maumivu, mke wangu aje, mke wangu aondoke. Ndani ya jalada akaandika: "Kwa Bwana Silvério, ili tusikukisie tena. Felisbela, Machi 2017." Silvério alipotoka hospitalini akaondoka nacho.

Kitabu cha pili, alichomtengenezea mgonjwa mwingine, alikiona Telmo Varela. Telmo alikuwa mtaalamu wa usemi, kijana wa Porto, aliyekuja wodi ya tatu mara mbili kwa wiki na ambaye utani wake mkubwa ulikuwa kuwaambia watu wa Alentejo, wanaosifika kwa kutokuwa na haraka, kwamba wao hawaugui kiharusi, wanapumzika tu zaidi ya kawaida. Alikipekua kitabu mwanzo mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini maumivu yako nyuma ya supu.

"Kwa sababu huku kwetu supu ndiyo inaanza," Felisbela akamjibu.

Tangu siku ile wakafanya wote wawili. Telmo alipanga kurasa na kuchagua maneno mafupi ya kuandika chini ya picha, Felisbela alichora. Alichora saa ya chakula, alichora wodi ikitulia alasiri, na Jumapili alichora mezani jikoni kwake. Karatasi zilikuwa za hospitali, kalamu za rangi zilikuwa zake. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza. Baada ya mwaka mmoja na nusu kilikuwa kitabu cha kurasa arobaini na nane. Hospitali ikakichapa na kuweka nembo yake juu ya jalada. Majina hayakuwekwa. Si kwamba mtu aliyaficha. Hakuna aliyeyafikiria, hata wenyewe.

Vituo vya afya vya jirani vikaanza kukiomba. Felisbela alikuwa akiwaelekeza wauguzi wao kwenye stesheneri iliyo mkabala na lango la hospitali, ambako mwenye duka alitunza nakala moja safi, akatoa kopi kwa yeyote aliyehitaji na kuzibana kwa ringi za plastiki.

Mambo yalibadilika mwezi wa Juni mwaka 2019. Kampuni moja ya Lisbon, inayouza vitanda na vifaa vya hospitali, ilimwandikia mkurugenzi kwamba imekiona kitabu na inataka kukinunua pamoja na haki zake zote. Ingekichapa upya, ingekitia kwenye simu na vishikwambi, ingekiuza nchi nzima. Mkurugenzi, daktari Abílio Mexia, hakuwa mtu mbaya. Viyoyozi vya wodi tatu vilikuwa vimekufa, nje joto lilikuwa limefika nyuzi arobaini na mbili, na fedha zile zingetosha kuvitengeneza. Akamwita Felisbela, akamsogezea karatasi. Ilisema kwamba kitabu alikitengeneza kama sehemu ya kazi yake na kwamba hana dai lolote juu yake.

Felisbela aliisoma mara mbili. Akauliza ile kopi moja safi ya stesheneri itakuwaje. Mkurugenzi akapekua barua ya kampuni, akakuna shingo, akasema kwamba baada ya mauzo hakuna atakayeruhusiwa kutoa kopi bila idhini ya kampuni. Hata wodi ya tatu yenyewe itabidi inunue.

"Nipe siku mbili, daktari."

"Ni saini tu, Felisbela."

"Ndiyo maana naomba siku mbili."

Alitoka mle ofisini akiwa hajielewi. Hakuwahi kukifikiria kile kitabu kuwa mali, si yake wala ya mtu mwingine. Kilikuwa kifaa, kama mkasi wa wodini. Lakini tangu alipoombwa aseme kwamba si chake, kitu fulani kifuani kilikataa. Alipomsimulia Telmo, Telmo alianza kwa kumtania kwamba siku mbili za Alentejo ni sawa na wiki mbili za Porto, kisha akaacha utani na kumwambia ashuke chini kwa Quitéria.

Quitéria Lobato alikuwa mkutubi wa hospitali. Maktaba yake ilikuwa ghorofa ya chini kabisa, ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia, na watu wengi walidhani kazi yake ni kukaa na majarida ya zamani. Alimsikiliza Felisbela mpaka mwisho, akamuuliza maswali matatu. Mkataba wako wa ajira unasema chochote kuhusu vitu unavyovibuni? Hausemi. Kuna mtu alikuagiza ukitengeneze? Hakuna. Jina lako limo ndani ya kitabu? Felisbela aliposema halimo, Quitéria alivua miwani.

Akamweleza taratibu. Kama hakuna makubaliano, sheria inaanza kwa kudhani kwamba hakimiliki ni ya aliyebuni. Lakini jina la mbunifu lisipokuwepo kwenye kazi, dhana inageuka: inachukuliwa kuwa ni ya yule ambaye kazi ilifanywa kwa ajili yake.

"Kwa hiyo kwa vile sikujitangaza, si changu?"

"Haisemi si chako, shoga yangu. Inasema tutaanza kwa kudhani si chako, mpaka uonyeshe. Sasa una nini cha kuonyesha?"

Hakuwa na kitu. Michoro yote ya mwanzo ilikwenda kwenye pipa la karatasi chakavu la hospitali. Telmo angeweza kushuhudia, lakini Telmo mwenyewe alikuwa mhusika. Felisbela alikaa akisikiliza mashine za kufulia zikizunguka upande wa pili wa ukuta, halafu akakumbuka uzi wa bandeji.

Silvério alikuwa amefariki mwaka uliopita. Jumapili ile Felisbela aliendesha gari kilomita kumi na nne kwenda kijijini kwao, akimwomba Mungu njia nzima kwamba mjane wa watu awe hajakitupa kile kitabu cha kwanza. Custódia alimpokea kama ndugu. Hakumruhusu aseme shida yake kabla hajala. Akapondaponda kitunguu saumu na giligilani, akamwaga maji ya moto juu ya vipande vya mkate mkavu, akavunjia yai juu yake. Walipomaliza alifungua droo ya kabati, na chini ya cheti cha ndoa na hati ya shamba akatoa kitabu. Kurasa zilikuwa zimelegea na kuchakaa, na pembeni zilikuwa na alama za mafuta.

Alisema mumewe alikitumia mpaka siku zake za mwisho. Alikitumia hata kumtukana: alionyesha picha ya punda, kisha akamwelekezea kidole mkewe. Custódia alicheka aliposema hivyo.

"Usiku ule wa mwisho alionyesha blanketi. Nikamfunika. Akatikisa kichwa, akaonyesha tena, akanielekezea mimi. Alikuwa ananiambia nijifunike, nisishikwe na baridi." Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Kitabu nakuazima, mwanangu. Sikupi."

Kikao kilifanyika Jumatano. Walikuwepo mkurugenzi, mwanasheria wa hospitali, Felisbela, Telmo, na Quitéria aliyekuja na faili ambalo hakuna aliyemwomba. Mwanasheria alilisoma lile jalada la ndani, akatazama tarehe, akalinganisha punda wa kitabu cha Silvério na punda wa kitabu kilichochapwa, akawauliza Felisbela na Telmo maswali machache. Kisha akamgeukia mkurugenzi na kusema kwamba kwa maoni yake michoro ni ya sista, mpangilio na maneno ni vya wote wawili, na kwamba kuchora hakumo kwenye orodha ya kazi za muuguzi wa wodi yoyote. Daktari Mexia akashusha pumzi. Akasema basi, kama ni chao, wauze wao. Angalau mtu mmoja hapa afaidike.

Lingekuwa kosa kusema kwamba Felisbela hakutamani. Paa la nyumba yake lilikuwa likivuja chumba cha nyuma. Binti yake alikuwa Luxembourg na mjukuu ambaye alikuwa amemwona mara moja tu. Telmo alimwambia wazi kwamba akiuza hatamlaumu, atadai fungu lake tu na kununua pikipiki. Kampuni yenyewe ilimpigia simu, na mtu wa upande wa pili alizungumza naye kwa adabu sana.

Aliyeamua mambo hakujua kama ameamua. Kesho yake Felisbela alipita stesheneri kununua kalamu, akamkuta muuguzi wa kituo cha afya cha pwani, ambako wavuna matunda kutoka Nepal wanafanya kazi kwenye mabanda ya plastiki, akisubiri kopi kumi na mbili. Mwenye duka alikuwa ameshatoa tano. Alipomwona Felisbela akasimamisha mashine.

"Sista, nasikia mnauza. Niendelee au niache?"

Lilikuwa swali la kawaida la mtu anayetaka kujua kazi yake. Yule muuguzi mgeni naye alimgeukia, mkono juu ya zile kopi tano, akisubiri. Felisbela alijaribu kutamka neno "acha" kichwani mwake, likamgomea.

"Endelea," akasema.

Akashuka tena kwa Quitéria. Alidhani njia iliyobaki ni kusema kwamba anakitoa bure na kukisahau, na Quitéria akamkatalia. Kuna leseni huria, na leseni huria si kutupa kitu, alimwambia. Kitabu kinabaki chao yeye na Telmo. Wanachotoa ni ruhusa, na wanaitoa mara moja kwa watu wote, badala ya kila mwenye shida kumpigia simu sista akiwa na sindano mkononi. Na ruhusa hiyo inaweza kuwa na masharti. La kwanza likawa rahisi: majina yaandikwe. La pili liliwachukua mchana mzima. Felisbela alitaka iandikwe kwamba ni marufuku kuuza, maana ile kampuni ilikuwa bado imemkaa rohoni.

"Na mwenye stesheneri?" Quitéria akauliza. "Yule hauzi? Ringi anazitoa sadaka?"

Felisbela hakuwa amelifikiria hilo. Ukiifungia kampuni, unamtia wasiwasi na mwenye duka, na kituo cha afya kinachomlipa mchapaji, na kila mtu mwoga atakayesoma neno marufuku na kurudisha kopi mahali pake. Mwishowe wakachagua njia nyingine: yeyote anaweza kunakili, kutafsiri, kubadilisha, hata kuuza, ili mradi aweke majina, aseme alichobadilisha, na alichotengeneza nacho akiache wazi kwa wengine kwa masharti yale yale. Anayetaka kuuza auze, lakini hatoweza kufunga mlango nyuma yake.

Hospitali nayo ilitia saini, kwa sababu nembo na uchapaji vilikuwa vyake. Daktari Mexia alisaini wa mwisho.

"Na viyoyozi nitamweleza nani?" alisema, lakini alisaini. Kisha akamwagiza Quitéria aandike ukurasa mmoja wa kuwaeleza wafanyakazi wote, kuanzia madaktari mpaka wapishi, ni nini kinachokuwa cha nani wanapobuni kitu, na waandike majina yao tangu siku ya kwanza. Ukurasa ule ulibandikwa karibu na mashine ya kahawa, mahali pekee ambapo watu wote husimama. Viyoyozi vilitengenezwa mwaka uliofuata kwa fedha za mfuko mwingine, viwili kati ya vitatu.

Felisbela alimrudishia Custódia kitabu chake Jumapili iliyofuata, pamoja na nakala mpya. Custódia alitafuta ukurasa wa punda kabla ya kitu chochote.

Kampuni haikukasirika sana. Miezi sita baadaye ilitoa toleo lake la kurasa nene zinazofutika kwa dawa ya kuua vijidudu, majina ya Felisbela Grilo na Telmo Varela yakiwa chini ya jalada, na wodi ya tatu ikanunua nakala chache kwa sababu kweli zilikuwa imara kuliko za ringi. Telmo alitembea na moja kwenye begi lake wiki nzima. Pikipiki hakununua.

Halafu zikaanza kuja barua pepe. Ya kwanza ilikuwa ya yule muuguzi wa pwani: wavuna matunda wawili walikuwa wameandika maneno ya Kinepali chini ya kila picha. Baadaye ikaja ya muuguzi wa Nampula, Msumbiji. Yeye alikuwa ameweka Kimakua, akaondoa kipasha joto cha ukutani na kuchora chandarua, na supu ya Felisbela akaibadilisha kuwa sima na majani ya muhogo. Felisbela aliposogeza kurasa zile kwenye kompyuta ya wodi alihisi kichomi kidogo, kama mtu anayekuta mgeni amehamisha viti sebuleni kwake. Ile supu aliichora mara nne. Lakini alivyoendelea kuangalia alimwona muuguzi mwenzake ambaye hajawahi kumwona, amekaa kando ya kitanda asichokijua, akiacha kukisia. Akamwandikia kumshukuru, na kumwambia kwamba kuku wake wamechorwa vizuri kuliko wa Vale de Estevas.

Barua iliyomkosesha raha kweli ilitoka Recife, Brazili, kwa mtaalamu wa usemi aitwaye Iraci. Ilikuwa ya heshima na fupi. Alisema wagonjwa wengi wa kiharusi waliopoteza usemi hupoteza pia sehemu ya kuona, upande wa kulia. Alikuwa amegundua kwamba wagonjwa wake waligusa picha za kushoto tu, kwa hiyo amezipanga picha zote moja juu ya nyingine upande wa kushoto, na kwa mujibu wa leseni anawarudishia alichobadilisha. Labda kitawafaa.

Felisbela aliisoma akiwa amesimama. Akamwendea Dona Zulmira wa kitanda namba nne, mwanamke aliyekuwa mshona nguo, ambaye wodi nzima ilijua kwamba anapenda supu. Siku tisa kila alipopewa kitabu alionyesha supu, dirisha, mito, na wauguzi walikuwa wakimletea supu mpaka akawa anaisukuma. Picha hizo zote zilikuwa kushoto. Felisbela hakuhitaji kupiga hesabu. Wagonjwa wangapi, miaka mingapi? Alikwenda chumba cha dawa akajifungia dakika mbili, kisha akatoka akampigia simu Telmo, na Telmo, ambaye hii ilikuwa taaluma yake hasa, alimwomba amsomee barua ile mara mbili.

"Nililijua darasani," Telmo alisema mwishoni. "Kwenye kitabu chetu sikuliona."

"Na mimi ndiye niliyechora. Njoo kesho tukipange upya."

"Kesho si siku yangu ya Vale de Estevas."

"Njoo hivyo hivyo, kaka."

Alikuja. Walifanya toleo jipya kwa wiki tatu, wakitumia mpangilio wa Iraci, na kwenye jalada yakawa majina matatu. Lakini Felisbela hakusubiri wiki tatu. Alasiri ile ile ya barua alitoa kopi ya kurasa za Recife kwenye mashine ya ofisi, akaketi kitandani kwa Dona Zulmira na kuzisogeza mbele yake, kwenye upande anaouona. Bibi alizipitia taratibu, kidole kikishuka picha baada ya picha. Kwenye ukurasa wa tano kikasimama. Akamtazama Felisbela, akagonga karatasi mara mbili kama mtu anayebisha hodi.

Alikuwa anataka kuchana nywele. Felisbela akaenda kutafuta kitana.